Yule wa Kicheko

Wiki iliyopita walikuja wageni wawili kutoka Malindi, mama wa bibi harusi na dada yake. Wakaketi barazani kwangu hapa Mambrui, wakanywa chai ya tangawizi, wakazisifu kashata zangu, kisha wakasema lililowaleta. Walitaka kikundi chetu cha kina mama kiwapigie harusi. Tukakubaliana siku. Walipokuwa wakivaa viatu, yule dada akageuka na kuniambia, "Na ule wa mtoni usiusahau, bibie. Huo ndio tuutakao hasa."

Nikamwambia ule sipigi tena. Wakacheka, wakidhani naringa. Wewe wanijua tangu zamani, kuringa naweza, lakini siku ile sikuwa naringa. Nilikuwa nautazama ukuta wangu, ambapo kayamba langu limetundikwa, nikiikumbuka siku niliyoupiga mara ya mwisho.

Ngoja nikueleze, maana hujaisikia hii.

Kayamba ni matete yaliyofungwa bapa mfano wa sinia, ndani mmetiwa mbegu. Unalikamata kwa mikono miwili, unaliyumbisha huku na huku, na vidole gumba vinagonga juu yake. Wengi wanapiga. Lakini mdundo huo mmoja, ule wanaouita wa mtoni, nilikuwa nao peke yangu. Nimeupiga katika harusi nisizoweza kuzihesabu, kutoka hapa kwetu hadi Kilifi, na hata akina mama wenye magoti mabovu waliinuka wakiusikia. Nikiulizwa nimeutoa wapi, nilikuwa nikijibu kwa maringo, "Nilifundishwa na mto." Mungu anisamehe.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mama mmoja wa Kigiriama aliyeuza mihogo na mboga sokoni. Alikuwa akimlea mtoto wa kaka yake ili asome shule ya kwetu, kwa kuwa kwao, bara huko juu ya Jilore, shule ilikuwa mbali mno kwa miguu ya mtoto. Msichana huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja, yeye kimya, mimi domo. Nilikuwa na kicheko kilichosikika hadi darasa la tatu kutoka letu. Mwalimu wetu alikuwa akisema lau angeweza kuchota kelele zangu akammiminia mwenzangu, angepata wanafunzi wawili wa kawaida.

Mwaka ule, muhula wa mwisho, rafiki yangu alikosa shule wiki mbili. Aliporudi alisema alikuwa na homa. Alikuwa amekonda kweli, nami nikaamini. Shule zilipofungwa akaja uani kwetu, akasimama karibu na pipa la maji, akasema, "Hawe anasema uje kwetu likizo." Hawe ndivyo wanavyomwita nyanya. Sikuuliza Hawe amenijulia wapi. Niliruka ruka uani mpaka kuku wakatawanyika.

Nyanya yangu mimi, aliyenilea, hakuwa mtu wa kumwacha mtoto alale kwa watu. Siku ile nilijua atakataa. Lakini alijitanda kanga yake, akaenda kwa jirani, wakazungumza mlangoni kwa muda mrefu, kisha akarudi na kuanza kunifungia nguo. Akafunga na mikate ya mofa na halua ya kupelekea wenyeji. Kisha akanishika kidevu na kuniambia, "Ukifika kwa watu, cheka kwa kiasi." Nikasema haya, nyanya. Nilidhani ni adabu tu, kama kuambiwa usile kwa mkono wa kushoto.

Tulikwenda na shangazi yake, yule jirani, kwa gari hadi Jilore, na kutoka hapo kwa miguu. Mimi nilizaliwa kwenye mchanga tambarare, ambapo kilima kikubwa kuliko vyote ni ngazi za msikiti. Sasa fikiria. Unatembea kwenye vichaka vya miba, jua linakuchoma kisogo, hujui kama kuna kitu mbele, mara ardhi inakatika. Chini yako kuna korongo lenye kuta nyekundu, na huko chini kabisa unapita mto Sabaki, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na ukingoni mikoma, ile mitende ya porini, imesimama imejaa matunda. Nilishtuka nikapiga ukelele. Korongo likanirudishia ukelele wangu. Nikacheka, nalo likacheka. Rafiki yangu akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, na huko chini watu wakatoka nje ya nyumba zao.

Tulipofika, Hawe alikuwa amesimama amevaa hando, ile sketi nyeupe ya marinda mengi ya wazee wao. Nikampa shikamoo. Hakuitikia upesi. Alinishika mabega yote mawili akanitazama mdomoni, kisha akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Na kweli nilipokewa kama mtoto wa mfalme. Kambare akivuliwa, kipande cha mgongo kilikuwa changu. Sima ilipakuliwa kwangu kwanza, pamoja na mboga ya mchunga, ule mchungu niliojifunza kuupenda siku ya tatu. Wanaume wa mji ule walikuwa wakimya sana, lakini nikisema kitu cha kuchekesha waligeuka wote kunisikiliza. Mama yake rafiki yangu alikuwa na macho mekundu kila siku. Nilidhani ni moshi wa jikoni.

Asubuhi tuliteka maji, watoto wote pamoja, mwanamume mmoja akisimama na rungu kwa ajili ya mamba. Mchana tulichunga mbuzi na kutafuna makoma, tunda gumu linalokupa kazi nyingi na utamu kidogo. Na kila alasiri, jua lilipoanza kuukwea ukuta wa upande wa pili, Hawe alichukua kayamba lake akaenda kuketi kwenye jiwe pana mtoni, uso ukielekea mto uendako. Alipiga mdundo mmoja tu. Polepole kwanza, kisha ukawa unakimbia, unasita, unakimbia tena, na korongo likimwitikia. Sisi watoto tulicheza nyuma yake kwenye mchanga. Nani angeweza kukaa? Mimi nilikuwa mbele ya wote, nikicheza vibaya, nikianguka makusudi ili wenzangu wacheke. Hawe hakugeuka hata siku moja kutukataza. Wala hakuwa na mwisho wa kuumalizia mdundo ule. Jua likitoweka alilaza kayamba mapajani, akakaa kidogo, akarudi nyumbani.

Rafiki yangu peke yake hakucheza. Mdundo ukianza alikumbuka kuni. Nilimtania kwamba ana miguu ya mbao.

Wiki nne nilikaa. Niliporudi Mambrui nilijaza mchele kwenye mkebe wa maziwa ya unga, nikauita kayamba, na mdundo ukawa umenikaa vidoleni. Ule mwisho uliokosekana nikaubuni mwenyewe: mapigo matatu ya nguvu, basi. Niliifanya likizo ile kuwa hadithi yangu. Niliwasimulia watoto wa shule, baadaye nikamsimulia mume wangu, na wanangu nao. Maishani mwangu, kila nilipotaka kukumbuka mahali nilipofurahi bila kasoro, nilikwenda korongoni.

Rafiki yangu alihama, akasoma, akawa mwalimu huko mbali, tukawa watu wa simu na salamu za sikukuu. Mwaka huu, akiwa ameshawachosha wote waliomuuliza ataolewa lini, akapiga simu. Amepata mchumba, mwalimu mwenzake, mgane mwenye adabu. Harusi itafanyika kwao, chini korongoni, kwa sababu Hawe bado yu hai na hawezi tena kupanda kilima. "Na shoga yangu," akasema, "nani atanitoa ndani kama si wewe?"

Maana kwao bibi harusi hatoki ndani ya nyumba mpaka ngoma imwite, na mpaka atoke hakuna anayekula. Aibu ya ngoma mbaya ni aibu ya bibi harusi. Akaniuliza nitapiga nini. Nikamwambia hiyo ni siri yangu, atausikia siku hiyo hiyo, na atalia kwa furaha. Akacheka. Sikumwambia kwamba tangu utotoni ninaupiga mdundo wa nyanya yake kwenye harusi za watu. Nilitaka kumpelekea nyumbani zawadi iliyotoka nyumbani.

Tulikwenda akina mama wanne. Wawili walikataa walipoambiwa kuna kuteremka. Pikipiki zilituchukua na ngoma zetu kutoka Jilore hadi ukingoni, na kutoka hapo tukashuka zaidi kwa makalio kuliko kwa miguu. Korongo ni lile lile, lakini mto umenywea, na mikoma mingi haipo. Jiwe lipo. Hawe alikuwa ameketi kitandani chini ya kivuli cha makuti, mdogo kama mtoto, macho yameingia ukungu. Nikampa shikamoo. Akaniitikia marahaba kama anavyomwitikia mtu yeyote. Nikasema moyoni, ngoja, nikipiga utanijua.

Wakwe wakaketi kwenye mikeka. Shangazi mtu, yule jirani yetu wa zamani, alikuwa jikoni akisimamia pilau. Akina mama wenzangu wakaanza na tari, tukaimba moja na mbili za kuchangamsha, vigelegele vikajaa. Kisha nikawapa ishara wanyamaze. Nikasogea mbele ya mlango wa nyumba aliyokuwamo rafiki yangu, nikalikamata kayamba, nikaanza. Polepole kwanza. Wakwe wakatikisa vichwa, wakaupenda. Vijana wakaanza kuinuka. Ukaanza kukimbia, ukasita, ukakimbia.

Nilihisi kabla ya kuona. Vigelegele vilikatika upande wa wenyeji, vyote kwa pamoja. Wazee wa mji ule walikuwa wamesimama, na hawakusimama kwa kucheza. Mama mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Nikadhani nimekosea mapigo, nikakaza zaidi. Hapo shangazi akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, mchele umegandia.

"We mwana! Wacha! Wacha hapo hapo!"

Mikono yangu ikafa. Lakini korongo halikujua, likaurudisha mdundo mara moja tena kutoka ukuta wa upande wa pili. Kisha nikamsikia Hawe.

"Amekuja?"

Alikuwa ameinuka kitandani. Mwanamke ambaye niliambiwa hajasimama mwenyewe kwa muda mrefu alikuwa amesimama, mikono imetangulia mbele, anaelekea mtoni. "Amekuja? Mbona hamsemi? Amekuja?"

Nikamuuliza shangazi nani aliyekuja. Akaniambia upesi, bila kunitazama, "Huo ni wa kumwita mtoto aliyechukuliwa na maji. Nani alikupa wewe kuupiga huo?"

Sijui nikueleze vipi. Kuna kushtuka kwa mtu aliyekanyaga nyoka, anaruka, yamekwisha. Huku kwangu kulikuwa kunazidi. Kila harusi niliyowahi kuupiga ilinijia, kila bibi harusi aliyetoka ndani ananesa kwa mdundo ule, na mimi nimetabasamu. Na mbele yangu bibi kizee anatembea kuelekea maji, wakwe wameshika vichwa, na harusi ya rafiki yangu nimeivunja kwa mikono yangu miwili.

Mlango ukafunguliwa. Rafiki yangu alitoka mwenyewe, hakuitwa, na kanga zake mpya, na hina, na uso wazi mbele ya wakwe. Alinipita, akamfikia Hawe, akamshika mikono.

"Hajaja, Hawe."

"Nimesikia kayamba."

"Ni yule mwenzangu wa Mambrui. Wamkumbuka? Yule wa kicheko."

Hawe akasimama. "Yule wa kicheko," akasema. Kisha akageuza uso wake huku na huku, akitafuta kwa masikio. "Kama ni yeye, mbona hacheki?"

Rafiki yangu akanitazama. Alikuwa analia na wanja umemtiririka. "Cheka," akaniambia. "Tafadhali, cheka."

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mbuzi. Nikajaribu tena. Nikakumbuka nilivyokuwa nikianguka makusudi, nikajiangusha pale pale mchangani, mtu mzima, na buibui langu na kayamba langu, na nikacheka. Nilicheka huku machozi yananiingia mdomoni. Korongo likacheka nami. Hawe akasikiliza mpaka mwangwi ukaisha, akashusha pumzi, akasema, "Ndiye huyo. Mpeni mgongo wa samaki." Akakubali kurudishwa kitandani.

Wale wakwe, Mungu awape heri. Bwana harusi aliinuka akaja kumsaidia Hawe kuketi, na mzee wao akasema kwa kuwa bibi harusi ameshatoka, basi wao wana njaa. Wenzangu wakapiga tari. Mimi sikushika tena chombo siku ile.

Asubuhi yake, kabla hatujaondoka, rafiki yangu alinipeleka kwenye jiwe. Alinieleza. Mdogo wake wa kiume, wa miaka sita, alikuwa ameshuka mtoni na Hawe. Hawe aliinama kuchota, alipoinuka hakumwona. Walimtafuta siku kumi. Hizo ndizo wiki mbili alizosema ana homa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia vipi? Kwetu aliyechukuliwa na maji hatajwi mpaka apatikane. Mama yangu mwenyewe alikufa hajalitaja jina lake."

Nikamuuliza jambo lililokuwa limeninyima usingizi. Kama walikuwa na msiba, mbona walimwita mgeni? Mbona walituacha tucheze pale, mimi mbele ya wote?

Aliokota koma kavu, akaligeuza geuza mkononi. "Hawe alisema mtoto haji kwa kilio cha watu wazima. Huja akisikia watoto wenzake wanacheza. Na sisi nyumbani hakuna aliyeweza kucheka. Akaniuliza, huko shuleni kwenu nani anacheka kuliko wote?"

Nikaanza kuyahesabu upya. Kipande cha mgongo wa kambare, sima ya kwanza, wanaume waliogeuka kunisikiliza, macho ya mama yake. Yote niliyoyabeba miaka yote kama furaha yangu yalikuwa kilio cha watu wengine, nami nilikuwa katikati yake naanguka makusudi.

"Kwa hiyo hukunialika wewe," nikasema.

"Siku za mwanzo, la." Akanitilia lile koma mkononi. "Lakini ulipoondoka ndipo nilipolia. Mpaka ulipoondoka nilikuwa sijaweza."

Nimerudi nalo hilo koma, lipo hapa dirishani. Nyanya yangu alishakufa zamani, na sasa siwezi kumuuliza jirani alimwambia nini mlangoni siku ile. Naamini alijua. Alijua akaniacha niende, na akanipa maneno yale kwa sababu ndiyo pekee aliyoweza kunipa. Ile likizo yangu nikiitafuta siipati tena. Nikifumba macho naliona korongo, nawaona watoto wanacheza, lakini sasa namwona na bibi kizee mgongo wake, na najua anatazama nini.

Kwa hiyo wale watu wa Malindi watapigiwa nyingine. Ninazo nyingi.

Rafiki yangu alipiga simu juzi. Anasema Hawe tangu siku ile anakula vizuri, na kila alasiri anauliza yule wa kicheko atakuja lini. Nimemwambia Desemba, shule zikifungwa. Nitakwenda na binti yangu, kitinda mimba wangu. Ana miaka tisa na anacheka kuliko nilivyokuwa nikicheka mimi, walimu wake wameshaniita mara mbili. Amefurahi, anauliza kama huko kuna mbuzi. Nitamfungia nguo, na mikate ya mofa ya wenyeji. Nyanya yangu angemshika kidevu amwambie acheke kwa kiasi. Mimi sitamwambia hivyo.